Miguu ya Bibi Kabula

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja ya kiangazi kule Katindiuka, pembeni mwa Ifakara, mpunga umeshavunwa na mashambani yamebaki mabua, nilipomkabidhi bibi mmoja wa Kisukuma picha niliyoamini ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Akaitazama. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na mimi mwingine yuko wapi?"

Nitakueleza ilivyokuwa, lakini kwanza hiyo simu iweke kando kidogo. Siichukii, usinielewe vibaya. Ila kila siku nakusikia ukiilalamikia kwamba kamera yake haioni mbali, ya fulani ina macho matatu, ya fulani inapiga hata gizani. Kizazi chenu kinapiga picha ugali kabla ya kunawa mikono, na bado hakiridhiki. Sikucheki, mwanangu. Ugonjwa huo niliuugua mimi kabla yako, na aliyenitibu hakuwa daktari.

Miaka ile ya tisini nilikuwa msichana wa cherehani pale Mlabani. Nilishona sare za shule, magauni ya kipaimara na viraka vya kila aina. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi relini alipostaafu alinipa kamera yake. Ilikuwa ya plastiki, ina tundu la kuchungulia na kitufe kimoja. Hakuna lenzi ya kuzungusha wala cha kurekebisha. Unachungulia, unabonyeza, mengine unamwachia Mungu. Mlango wake wa nyuma haukufunga sawasawa, basi nikaukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na watoto wa mtaani wakaipa jina: kamera ya manati.

Sikupiga picha kwa biashara. Wenye biashara walikuwa na studio zao, na pazia lililochorwa maua na ndege ambao sijawahi kuwaona katika bonde hili. Mimi nilipiga kwa kupenda tu. Nikimaliza kushona, natembea. Nawapiga akina mama wanaopepeta mpunga, watoto wakioga mferejini, jirani na baiskeli yake mpya. Nikipata picha moja nzuri katika mkanda mzima wa filamu, wiki hiyo hata chakula kilikuwa na ladha nyingine.

Ujue pia kwamba picha siku hizo ilikuwa na adabu zake. Mtu alioga, akavaa nguo ya sikukuu, akasimama wima mikono ubavuni, na alitaka aonekane mzima toka kilemba hadi viatu. Kucheka hakukuwa lazima, miguu ilikuwa lazima. Ukimletea mtu picha iliyoishia kiunoni alikuuliza kama kamera yako imeshiba njiani.

Mwenzangu katika mapenzi hayo alikuwa Zuberi, kijana wa duka la vitambaa nilikonunua nyuzi. Wazee wake walitokea Kilwa, yeye kazaliwa hapa hapa Ifakara. Zuberi alikuwa na kamera ya kweli, nzito, yenye lenzi za kubadilisha na begi la ngozi. Stoo ya nyuma ya duka alikuwa ameiziba nyufa zote kwa magunia, akaifanya chumba cha giza cha kusafishia picha. Mikanda ya rangi ilipelekwa mjini na kukaa huko hadi unasahau ulipiga nini, lakini ya nyeusi na nyeupe Zuberi aliisafisha mwenyewe, yangu na yake, na hakuwahi kunidai shukrani. Mungu amlipe, maana alikuwa na moyo mkubwa kuliko lile begi lake.

Ila alikuwa haridhiki. Jumapili tulikaa barazani kwao tukitandaza picha zetu kwenye mkeka, na kila picha yake ilikuwa na "laiti". Laiti lenzi ingekuwa ndefu zaidi. Laiti mkanda ungekuwa wa aina ile nyingine. Baba yake alikuwa akipita na birika lake la udhu na kusema, "Mchagua jembe si mkulima," halafu anaendelea na safari yake. Nami badala ya kumsikia mzee, nikamsikia mwana. Kidogo kidogo nikaanza kuiona kamera ya mjomba kuwa aibu. Nilipokutana na watu nikaificha ndani ya kitenge, mimi niliyekuwa nikitembea nayo kifuani kama medali.

Hapo ndipo Bibi Kabula aliponiita.

Bibi Kabula alikuwa mama mkubwa wa mji mmoja wa Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Walijenga pembeni mwa Katindiuka, nyumba kadhaa na zizi kubwa katikati. Nilikuwa nimewashonea wajukuu zake nguo na kuwapiga picha kwa kamera ya manati, na bibi akazipenda. Mwezi ule alikuwa ametoka hospitali. Kisiki cha shambani kilimchoma mguu, kidonda kikaoza, akalala wodini kwa muda mrefu. Hayo niliyajua, maana mji wetu ni mdogo. Akanitumia ujumbe kupitia mjukuu wake Masanja, kijana mrefu mpole: "Bibi anakuomba uje Jumapili. Anataka picha ya kumpelekea mama mdogo Minza, kule nyumbani Shinyanga. Mimi ndiye nitakayeipeleka."

Nikasema nitakuja. Halafu nikaenda moja kwa moja kwa Zuberi kumwazima kamera.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini Jumapili ile, nikiwa na lile begi la ngozi begani, nilijiona nimesitirika kupita wote. Zuberi alikuwa amenifundisha lenzi ndefu, ile inayomvuta mtu karibu. Nilipofika, nikapiga goti kidogo nikaamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Umekuja na mzigo leo."

"Ni kamera, bibi. Kubwa. Itakutoa vizuri."

Akanitazama, akalitazama begi, akaenda kusimama mbele ya zizi. Alikuwa amevaa shuka jipya. Fimbo yake aliiegemeza kwenye uzio, akasimama mikono ubavuni, miguu pamoja, kimya kama anayesubiri kuapishwa. Nami, mwanangu, sikumuuliza neno. Kuuliza si ujinga, lakini nani ana muda wa kuuliza akiwa na lenzi kama ile? Niliweka jicho, nikauona uso. Jua la jioni lilikuwa likipita juu ya mikunjo yake, na kila mkunjo ulionekana kama mfereji wa maji shambani. Nikasogeza, nikasogeza, hadi uso ukajaa kila upande. Nikabonyeza mara kadhaa, zote uso tu, nikafunga begi.

Zuberi aliposafisha mkanda ule alitoka gizani akikimbia. "Tekla! Hii inafaa kalenda!" Na kweli ilikuwa nzuri. Hadi leo nikifumba macho naiona. Nilizunguka nayo Mlabani mzima, nikamwonyesha muuza mchele, fundi viatu na mama wa vitumbua, na kila aliyesifu nilimwonyesha mara ya pili. Nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya ndoa yangu sikuipita kwa mbali, na mume wangu akisikia hapa atanisamehe.

Basi ndiyo hiyo niliyompelekea siku chache baadaye, alasiri niliyoanza nayo kisa hiki. Masanja alikuwa akifunga mzigo, kwa kuwa basi lake lilikuwa la alfajiri kesho yake. Na bibi akaniuliza, yeye mwingine yuko wapi.

Nikadhani hajaelewa. Nikaanza kumweleza, msichana wa cherehani mie, habari za mwanga na vivuli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama watu wazima wanavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Kisha akasema, "Mayu, daktari wa Ifakara alikataa kuukata mguu wangu mmoja. Wewe umekata yote miwili."

Masanja akaacha kufunga mzigo. Akanieleza taratibu kile ambacho ningekijua Jumapili kwa swali moja tu.

Wakati bibi yuko wodini, madaktari walizungumza habari ya kuukata mguu. Ndugu mmoja aliyekuwa amekuja kumjulia hali akayasikia, akapanda basi kurudi Shinyanga kabla hawajabadili mawazo, na akafika na habari kwamba mguu umekwishakatwa. Minza, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Alikuwa amepoteza mimba mbili huko nyuma, na hii ndiyo iliyofika mbali. Aliposikia akasema anakuja kumuuguza mama yake, liwe liwalo, kwa malori na mabasi na treni, barabara zile za mashimo za wakati ule. Mumewe akamzuia. Watu wakamtumia salamu kwamba mama hajambo, mama mzima, atulie.

"Na wewe unajua," akasema Masanja. "Ukiambiwa kwa mbali mama hajambo, unaamini?"

Nilijua. Nani asiyejua? Sisi hatumwambii mtu msiba akiwa mbali. Tunamwambia, "Njoo, mama anaumwa kidogo," naye anafika anakuta turubai. Kwa hiyo kila salamu ya uzima iliyomfikia Minza ilimtia hofu zaidi, na alikuwa amekwisha kufunga nguo zake ndani ya kanga. Alichotuma kusema ni kimoja: nitulieje bila kumwona amesimama?

Bibi akainyanyua picha yangu ya kalenda. "Akiona hii atasema wameficha miguu. Uso peke yake ni picha ya kuombolezea. Mwanangu huyu atapanda lori." Na hapo utani ulikuwa umekwisha.

Nilitazama chini kwa haya, na kwa mara ya kwanza nikaiona miguu ya Bibi Kabula. Siku ile ya Jumapili, Masanja aliniambia baadaye, alikuwa ameisugua kwa jiwe toka asubuhi, akaipaka samli, akaosha kandambili zake, yote hayo kwa ajili ya picha. Kovu lilitoka kwenye kisigino likapanda hadi juu ya kifundo. Mimi ni fundi nguo, mwanangu. Kazi yangu ni kumpima mtu toka bega hadi kisigino. Nikamsahau mtu kuanzia shingoni kwenda chini.

"Bibi," nikasema, "nisamehe. Naenda kuazima tena ile kamera, nakuja."

"Jua litakusubiri?" akauliza. "Ile yako ndogo iko wapi? Ile iliyowatoa wajukuu zangu na miguu yao yote."

Ilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya vitambaa, na mkanda wa nyeusi na nyeupe ulikuwa umebakiza picha mbili tatu. Nikaitoa. Bibi alipouona ule mpira wa baiskeli akacheka, na moyo wangu ukapumua kidogo. Akaegemeza fimbo kwenye uzio kama mara ile, akapandisha shuka hadi katikati ya miundi, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi mbele ya watu, na akasema, "Usinipige nimesimama tu. Hata mwenye mguu mmoja anaweza kuegemezwa akasimama. Nipige nikitembea."

"Bibi, kamera hii haiwezi mtu anayetembea. Itatoka ukungu."

"Wewe nipige."

Akaanza kuja. Hakuwa amezoea kutembea bila fimbo. Nilimwona akiuma mdomo. Mguu mzima ulitangulia, halafu ule wa kovu ukanyanyuka, na nikabonyeza. Akaja hatua nyingine, nikabonyeza tena, na mkanda ukagoma. Masanja alimdaka mkono kabla hajayumba. Alikuwa akitetemeka, na alikuwa akicheka.

Nilikimbia hadi Mlabani. Zuberi aliuona uso wangu, akaingia gizani na mkanda. Alipotoka na picha mbichi, hakukimbia safari hii. Ya pili ilikuwa imeharibika kabisa. Ya kwanza ilikuwa imepinda, kona moja ina mkia wa ndama, na kwa sababu jua lilikuwa mgongoni mwangu, kivuli changu kilikuwa kimelala mchangani mbele ya bibi. Alionekana mzima, toka kilemba hadi kandambili. Mguu wa kulia umekanyaga, uko wazi kama umechongwa. Wa kushoto, wenye kovu, ulikuwa hewani, umetoka ukungu.

"Tekla, hii haifai," akasema Zuberi. "Mguu wenyewe ndio umeharibika. Na kivuli chako hiki. Laiti ungekuja kuchukua yangu."

Na mimi, pamoja na yote niliyoyasikia alasiri ile, nilitaka kuificha. Naona haya kukuambia lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiria kumwambia Masanja kwamba picha zimeungua, apeleke salamu za mdomo, kuliko picha ile kwenda Shinyanga na watu waseme ni kazi ya Tekla. Baba yake Zuberi ndiye aliyeniokoa. Aliichukua, akavaa miwani, akaitazama bila haraka. "Huyu mama anakwenda wapi?" akauliza.

"Haendi popote, mzee. Anamwonyesha mwanawe kwamba anatembea."

"Basi ameonyesha. Mpelekeeni kabla haijakauka mkaanza tena laiti zenu."

Zuberi mwenyewe alinipakia kwenye baiskeli, nikiwa nimeishika picha kwa ncha za vidole, mpaka Katindiuka. Bibi aliitazama, akagusa mguu mmoja kwa kidole, kisha mwingine. Hakusema neno juu ya ukungu wala kivuli. Alisema tu, "Ndiyo mimi," akampa Masanja.

Masanja alirudi mvua za kwanza zilipoanza. Alipita kwangu kabla hata hajafika kwao, mzigo ukiwa bado begani, akakaa kwenye benchi la wateja. Akanisimulia kwamba alimkuta Minza kweli amefunga nguo zake, anagombana na mumewe mlangoni. Akampa picha. Minza akaitazama, watu wamemzunguka. Kisha akaweka kidole pale penye ukungu. "Huu mbona hauonekani vizuri? Wameuficha huu."

Na Masanja akamjibu, "Hauonekani vizuri kwa sababu haukutulia. Alikuwa anatembea."

Minza akaisogeza picha karibu na macho. Akaona mguu mmoja uko chini na mwingine uko hewani, na hakuna aliyemshika, na fimbo iko kule nyuma kwenye uzio. Akaiegemeza picha kwenye ukuta wa nyumba, akapiga magoti chini na tumbo lake lile, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma, kama mtoto anavyomwamkia mama asubuhi. Kisha akalia, na akina mama wakapiga vigelegele, na kanga yenye nguo ikafunguliwa. Alijifungulia nyumbani kwake salama, mtoto wa kike. Wakamwita Kabula.

Nililia mwanangu, mbele ya Masanja, na sare za shule mapajani. Nililia kwa shukrani. Laiti kamera yangu ingekuwa nzuri kama nilivyokuwa nikiomba usiku na mchana, ingeukamata ule mguu ukatulia tuli kama gogo, na Minza angesema umeegemezwa. Nilimshukuru mjomba kwa kamera yake. Nilimshukuru Bibi Kabula aliyenikemea bila kunidhalilisha, na baba yake Zuberi, na Zuberi na baiskeli yake. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipokwenda kwao alinikaribisha maziwa na kunitania: "Mayu, leo umekuja na miguu yangu?"

Basi sikiliza, mwanangu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Chombo ulicho nacho kijue, kipende, kijue pia kisichoweza, na ukipata kikubwa zaidi kipokee kwa furaha, si dhambi. Zuberi alikuwa na haki ya kuipenda kamera yake, na ile picha ya uso niliipenda, naipenda bado. Ridhika na kazi yako ikiwa nzuri; furahi, zunguka nayo mtaa mzima kama mimi. Lakini kabla hujaweka jicho kwenye kamera, muulize aliye mbele yako: picha hii inakwenda kwa nani, naye anataka kuona nini? Jibu lake ndilo litakalokuambia usogee au urudi nyuma. Na siku kazi yako itakapotoka imepinda, usikimbilie kuificha. Mpe mwenyewe aitazame kwanza. Huenda akakiona humo alichokuwa akikililia.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu mzima. Akupe mikono isiyodharau kidogo kilichowekwa ndani yake, na wazee wa kukukosoa kwa upole, na rafiki wa kukupakia baiskelini jioni inapokuwa imekwisha. Na wote uwapendao walio mbali, kila utakapouliza hali zao, uambiwe hawajambo, na iwe kweli.